Barua ya wazi kwa viongozi wa Nyanda za Juu Kusini: tuzibieni paa, msituzibie hewa

Kwa Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Wakurugenzi wa Halmashauri. Wahandisi wa majengo na maafisa afya wa mikoa hiyo.

YAH: BARIDI NA MATUNDU YA HEWA KATIKA MABWENI, MADARASA, WODI NA OFISI ZETU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya bweni huku Nyanda za Juu Kusini. Nawaandikia kabla kipupwe hakijaingia, kwa sababu ikishafika Juni mabweni yetu huzibwa kila tundu. Wanaoyaziba ni wanafunzi wenyewe, na sisi walimu tunajua.

Naomba siku moja mwingie bweni la wasichana saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai, bila taarifa na bila msafara. Angalieni juu ya linta, yale matundu ya hewa yaliyochorwa kwenye ramani na kukaguliwa na mhandisi. Mtakuta yamejazwa magazeti, kurasa za daftari zilizokunjwa, vipande vya kanga, mifuko ya sandarusi. Vioo vya madirisha vinatiririka maji kwa ndani. Bati halina dari, na pumzi za usiku kucha zimeganda juu yake kuwa matone yanayomdondokea aliyelala kitanda cha juu. Nyuma ya matranka, pale ukuta usipopata mwanga, kuna ukungu mweusi umetambaa hadi usawa wa kiuno. Mnasimama mlangoni mnapigwa na hewa nzito, ya uvuguvugu, inayonuka nguo mbichi. Na wanakohoa. Kitanda hiki, kile, kile cha kule mwisho.

Matroni akiwaambia wafungue, wanafungua. Akigeuka, wanafunga. Siwezi kuwalaumu. Usiku wa Julai hapa Mbeya, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, joto hushuka chini ya nyuzi 10. Njombe ni juu zaidi na kuna baridi zaidi. Makete wanaamka wanakuta umande umeganda kwenye majani. Mtoto mwenye blanketi moja hatachagua hewa safi mbele ya baridi ya namna hiyo, na hata ningekuwa mimi nisingechagua. Kumhubiria faida za hewa safi ni kupoteza muda. Anachohitaji ni jengo lisilomlazimisha kuchagua, na jengo hilo linawezekana kwa gharama ambayo halmashauri zenu zinaimudu.

Nitawaonyesha kwa hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya kidato cha tatu na haihitaji mtaalamu kutoka nje.

Chukueni bweni la mita 10 kwa 6, kimo mita 3, wanalala wanafunzi 40. Ndani mna mita za ujazo 180 za hewa. Mtu aliyelala hutoa lita 12 hadi 14 za hewa ya ukaa kwa saa, kwa hiyo wote 40 kwa pamoja wanatoa wastani wa lita 520. Hewa ya nje ina hewa ya ukaa kiasi cha sehemu 420 na kitu katika kila milioni. Humo ndani, kama kila tundu limezibwa sawasawa, kila saa inayopita inaongeza karibu sehemu 2,900. Ni kweli hakuna bweni linalozibwa kabisa. Mlango una nyufa, na kati ya ukuta na bati kuna nafasi, kwa hiyo hali halisi huwa nafuu kuliko hapo. Lakini hata katika kiwango hicho cha saa moja tu, karibu pumzi moja katika kila pumzi 13 anazovuta mtoto huyo imeshapita kwenye mapafu ya mwenzake. Na usiku una saa nane.

Hewa ya ukaa kwa kiwango hicho itampa kichwa kuuma na usingizi mzito darasani kesho yake. Hilo peke yake linatosha kumhangaisha mwalimu. Lakini kinachonitisha zaidi ni kinachosafiri pamoja na pumzi. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Vimelea vyake huelea hewani saa nyingi baada ya mgonjwa kukohoa, na kinachoamua kama jirani atavivuta ni kiasi cha hewa mpya inayoingia chumbani. Mwanafunzi mmoja ambaye hajagundulika, katika bweni lililozibwa, analala na wenzake 39 kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, miezi mitatu mfululizo. Dawa zipo na ni bure, vipimo vipo, wahudumu wa ngazi ya jamii wanafanya kazi kubwa mitaani. Kisha usiku tunawafungia watoto pamoja na ugonjwa wenyewe.

Sasa upande wa joto, maana ndio unaosahaulika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza angalau lita 10 za hewa mpya kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo yasiyo ya makazi, kama shule na ofisi. Tukitumia kipimo hicho kwa bweni letu, tunahitaji lita 400 kwa sekunde. Hewa ikiingia polepole, nusu mita kwa sekunde, inatosha tundu la jumla ya chini kidogo ya mita moja ya mraba upande wa kuingilia, na kiasi hicho hicho upande wa kutokea. Kuipasha hewa hiyo nyuzi 10 zaidi ya nje kunakula kilowati 4 hadi 5. Si kidogo, na ndiyo maana watoto wanaziba.

Lakini juu ya vichwa vyao kuna bati tupu la mita za mraba 60. Kwa tofauti ile ile ya nyuzi 10, bati hilo peke yake linapoteza kilowati 4 hivi. Yaani joto ambalo watoto wanajaribu kuliokoa kwa kuziba matundu linatoroka karibu lote kupitia paa, usiku huo huo. Wekeni dari, juu yake tabaka la sentimita 10 la kitu kinachozuia joto, na upotevu wa paa unashuka chini ya nusu kilowati. Kuta za tofali za kuchoma zinapoteza kilowati 2 nyingine, nazo nimezihesabu. Ukijumlisha pande zote, bweni lenye dari nzuri na matundu wazi linakuwa na joto karibu sawa na bweni la bati tupu lililozibwa. Ni joto lile lile, linalotoka kwenye miili ya watoto wenyewe, ambayo ni karibu kilowati 3. Tofauti ni kwamba katika bweni la kwanza wanapumua.

Hii ndiyo sababu ya barua hii yote. Tumekuwa tukitafuta joto mahali pasipo pake. Joto lizuiwe kwenye paa, sakafuni na kwenye vioo. Hewa iachwe ipite.

Waheshimiwa, najua ramani za madarasa na mabweni kwa kawaida hutoka juu, na jengo la Makete linafanana na la Kilwa. Kwa Kilwa bati bila dari lina tabu yake ya joto. Kwa Makete lina tabu ya baridi na maji. Zile shilingi trilioni 1.3 za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilijenga, pamoja na kazi nyingine, madarasa 15,000 nchi nzima, na nilishuhudia furaha ya wazazi watoto walipoacha kusomea chini ya mti. Sitaki kuonekana nadharau kazi ile. Nasema tu kwamba fedha zilizokuja kwa sababu ya ugonjwa wa hewa zingeweza pia kutuachia kipimo cha hewa katika kila ramani, na nafasi hiyo bado haijapotea, maana ujenzi unaendelea kila mwaka wa fedha. Hakuna sheria ninayoijua inayomkataza Mkurugenzi kuongeza dari na tabaka la kuzuia joto kwenye ramani aliyoletewa, ilimradi mhandisi wake asaini.

Kuna mahali huku kwetu ambapo jambo hili lilieleweka zamani. Nendeni misheni ya Rungwe, iliyoanza mwaka 1891, au Tosamaganga pale Iringa: kuta nene, vyumba virefu kwenda juu, dari za mbao, madirisha yanayotazamana. Utafiti uliofanywa katika hospitali nane za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulipima majengo ya namna hiyo. Wodi za kabla ya 1950, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, madirisha yakiwa wazi, zilibadilisha hewa yake yote mara 40 kwa saa. Wodi mpya zaidi, za miaka ya 1970 hadi 1990, mara 17. Vyumba vya kisasa vyenye mashine za kuingiza hewa, mara 12. Fikirieni hilo mnapopitisha ramani ya kituo cha afya chenye chumba cha kusubiria kisicho na dirisha, ambamo mama mwenye kichanga anakaa bega kwa bega na mzee anayekohoa.

Nije mjini. Kati ya Kabwe na Mafiati hapa Mbeya, na hata Iringa mjini, majengo ya ofisi yanayopanda siku hizi yamevikwa vioo kuanzia chini hadi juu, na vioo vingi havifunguki. Asubuhi ndani ni baridi, saa nane mchana jua likikaa upande wa kioo panakuwa hapakaliki, na Oktoba na Novemba ni mateso. Basi wanafunga viyoyozi. Mbeya! Mji ambao hewa yake ndiyo iliyowavuta watu kuja kuishi hapa. Wengi wetu tunaamini kiyoyozi kinaleta hewa mpya. Kile cha kawaida cha ukutani hakileti. Kinanyonya hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha humo humo. Wafanyakazi 20 katika ofisi iliyofungwa wanapumua pumzi za wenzao zilizopozwa, kwa gharama ya umeme.

Na umeme huo unatoka wapi? Sehemu kubwa ni wa maji, na sehemu ya maji hayo ni ya kwetu. Mto Ruaha Mkuu unakusanya maji yake kwenye bonde la Usangu, chini kidogo ya milima tunayoiona kila siku, unapita Mtera na Kidatu, na mwisho wake unachangia bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Wakulima wa mpunga wa Usangu wameambiwa mara ngapi wapunguze matumizi ili mitambo isisimame? Halafu maji yale yale yanarudi kama umeme wa kupoza jengo ambalo lingehitaji tu ukuta badala ya kioo upande wa magharibi na madirisha yanayofunguka. Dunia imeshapanda joto kwa zaidi ya nyuzi 1 kulinganisha na miaka ya 1850 hadi 1900, na inaendelea. Mahitaji ya kupoza yataongezeka hata huku milimani. Tukiendelea na vioo hivi, tutakuwa tumejenga mahitaji hayo kwa mikono yetu wenyewe.

Wenzetu walishapitia njia hii wakaumia. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, Marekani na nchi za Ulaya ziliziba majengo ili kuokoa nishati. Kule Marekani kiwango cha chini cha hewa mpya kiliruhusiwa kuwa lita 2.5 hivi kwa sekunde kwa mtu. Watu wakaanza kuumwa vichwa, macho yakawasha, makoo yakakauka, na walipotoka nje ya jengo wakapata nafuu. Mwaka 1989 kiwango kikapandishwa mara tatu. Hatuna haja ya kurudia darasa hilo, na hasa sisi ambao makabati, milango na dari zetu zinatengenezwa kwa mbao za kubandikwa kwa gundi. Gundi nyingi za plaiwudi hutoa formaldihaidi, ambayo tangu 2004 imetambuliwa kuwa inasababisha saratani. Mafinga inatuuzia plaiwudi, ni vizuri, ni ajira ya vijana wetu. Lakini chumba kipya chenye harufu kali ya gundi na rangi kinataka kuachwa wazi wiki kadhaa kabla mtu hajalala ndani yake.

Nimeacha la mkaa hadi hapa ingawa ndilo linaloua haraka kuliko yote. Habari za watu kukutwa asubuhi wamekufa chumbani, jiko la mkaa likiwa katikati, si ngeni kwetu. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamshwi na kitu. Kuacha dirisha upenyo si kinga ya kutegemea. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na naunga mkono kwa moyo wote. Moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020 kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Lakini mkakati huo unazungumzia kupika. Huku kwetu mkaa unapika ugali saa moja, kisha jiko linaingizwa chumbani saa tatu kwa ajili ya watoto. Mtungi wa gesi umechukua kazi ya kwanza tu. Kama nyumba ya Makambako au Mbalizi itabaki na bati tupu na sakafu ya saruji yenye baridi, mama yule atanunua gesi na mkaa ataendelea kununua. Anayetaka mkaa utoke ndani huku Nyanda za Juu aanze na dari.

Sasa ninachoomba.

Kibali cha ujenzi wa bweni, darasa, wodi au ofisi kisitolewe hadi mchoro uonyeshe ukubwa wa matundu ya hewa kwa idadi ya watu watakaokaa ndani, pande mbili zinazotazamana, juu, mahali ambapo mikono ya watoto haifiki na upepo hauwapigi waliolala. Yawekewe wavu wa mbu, na kwa kuwa wavu hupunguza hewa, tundu liongezwe. Penye barabara kuu ya TANZAM, yenye vumbi na moshi wa malori usiku kucha, matundu ya kuingizia yatazame nyuma ya jengo. Hewa ya nje nayo si safi kila mahali, hasa Septemba mashamba yanapochomwa.

Mchoro huo huo uonyeshe dari na tabaka la kuzuia joto. Hapa nina ombi kwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya pale Iyunga na kwa vyuo vya VETA. Mafinga inazalisha milima ya maranda ambayo mengi yanachomwa tu. Yakitibiwa yasishike moto wala kuliwa na mchwa, yanaweza kukaa juu ya dari zetu. Asiyatandaze mtu yeyote kabla ya kutibiwa, maana maranda makavu juu ya nyaya za umeme ni hatari kubwa. Wapeni vijana kazi hiyo, wapime, watupe jibu tunaloweza kujengea.

Kwa mabweni yaliyopo, halmashauri ianze na yale ya maeneo ya baridi kali: Makete, Ludewa ya milimani, Mufindi, Njombe, Rungwe ya juu. Dari kwanza, kisha kuzibua matundu. Mkianza kwa kuzibua, wanafunzi wataziba tena usiku huo huo, na watakuwa na haki.

Ukaguzi ufanyike Julai. Mkaguzi akija Novemba mchana anakuta madirisha wazi, anaandika kwamba hewa inatosha, anaondoka. Kipimo cha hewa ya ukaa kinaenea mfukoni na bei yake haifiki bei ya simu janja nzuri. Afisa afya wa kila wilaya awe nacho, akiache bwenini usiku mmoja, asubuhi asome.

Na Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wake wa kipupwe, naomba redio zetu za mikoani zisome pamoja nao onyo la mkaa chumbani, kila jioni, kuanzia Juni hadi Agosti, kwa Kiswahili na pale inapobidi kwa lugha ambayo bibi wa Bulongwa kule Makete anaielewa.

Niko tayari kuja na hesabu zangu ofisi yoyote kati ya zenu, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wako tayari kuzieleza ubaoni. Kipupwe kinaingia Juni. Dari za kwanza zinaweza kuwekwa kabla ya hapo.

Nawasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa fizikia,
Mbeya